Wa Pili Aitwe Kambale

Alivuka mpaka ndani ya koti langu:
mfuko, nusu maji, nusu hewa,
na katikati kitu cha rangi ya chungwa
kisichozidi kidole gumba, mistari mitatu myeupe.
Afisa wa forodha akauinua dirishani.
«Huyu analiwa?»
Haliwi.
«Anaimba?»
Haimbi.
«Sasa?»
Sikuwa na jibu linalotozwa ushuru. Nikapita.

Kwetu Himbi ziwa ni dakika tano kwa miguu,
maji baridi hadi macho yanapoishia,
na mimi nakoroga bahari kwenye ndoo:
mvua ya bati iliyochujwa mara mbili,
chumvi ya gunia, kikombe baada ya kikombe,
kipimo kikielea, kikizama, kikinitania.
Kyakimwa, mke wangu, anasimama mlangoni:
«Watu wanapanga foleni na mabidoni,
wewe unayatia maji chumvi.»
Anasema kweli. Nakoroga.

Mawe ya humo ndani ni ya mlima.
Yalishuka yakiwa moto, yakala duka la baba.
Yalipopoa niliyapasua kwa nyundo, nikayaloweka
miezi mitatu hadi yakaacha kutoa povu.
Ndani ya tundu moja analala Paluku.

Paluku, wa kwanza. Miaka miwili peke yake,
akilinda pembe ile kama mwenye hati ya kiwanja.
Hata kidole changu hukiuma.

Mgeni tukamwita Kambale. Ndivyo kwetu Wanande:
mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale,
hakuna kuumiza kichwa.
Jirani, mtu wa Uvira, alicheka hadi akakaa chini.
Kambale asiye na sharubu!
Kambale wa chumvi!

Nikazima taa. Mfuko ukaelea robo saa,
joto lisalimiane na joto.
Kisha mpira wa dripu, ule wa hospitali,
fundo moja katikati:
tone,
tone.
Saa nzima nimechuchumaa
kama muuguzi wa zamu ya usiku.
Umeme ukakatika, bila shaka.
Soki, binti yangu, akaja na betri ya pikipiki;
pampu ikakohoa, ikaendelea.

Siku nne Kambale alikaa ndani ya chujio la plastiki.
Siku nne Kyakimwa alilitafuta chujio lake la mchele.
Kupitia vitundu wale wawili walitazamana.
Siku ya tano nikalitoa.

Paluku alimjia kama fuso lisilo na breki.
Akauma mkia. Akauma tena.
Mdogo hakupigana, hakukimbia.
Alilala ubavu
akatetemeka, kichwa hadi mkia.
Nilidhani ni ugonjwa. Nikanyoosha mkono kwenye wavu.
Si ugonjwa. Ni usemi wao:
wewe mkubwa, mimi mdogo, niache niishi.

Niliwahi kutetemeka hivyo
mlangoni kwa mjomba, ule usiku wa mlima,
godoro kichwani, salamu imenikwama kooni.
Naye alinitazama vile vile, kwa muda mrefu,
kabla ya kusogea pembeni.

Paluku akasogea.

Mama alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza:
hawa wote huanza wakiwa madume,
yule mkubwa, akipata mwenzake, hugeuka jike.
Nilitegemea ashangae.
Akatupa jiwe dogo nje, akapuliza makapi.
«Basi hilo jina limekufa. Mwite Kahindo.»
Kahindo: msichana anayekuja baada ya wavulana,
yule anayegeuza mfululizo.
Akarudia maharage yake.

Usiku huu wamelala tundu moja,
ndani ya jiwe lililokula duka,
Kahindo mbele, Kambale nyuma ya pezi lake.
Chujio limerudi jikoni.
Wali wa leo ulikuwa na chumvi kidogo kuliko kawaida, kidogo upande wa juu.
Tulikula wote. Hakuna aliyeuliza.