Orodha ya Vifungo

Łódź, Novemba. Theluji haijaamua.
Jagoda amevua viatu mlangoni, kama alivyofunzwa,
ingawa aliyemfunza hayupo tena kumkagua.

Kaka yake amepiga simu kutoka Gdynia:
"Niandikie orodha. Moja. Iliyonyooka.
Sitaki hadithi za mkebe ndani ya mkebe.
Kilichomo tu, tugawane."

Kazini hufanya hayo hayo kwa mshahara.
Ghala la vitambaa humletea mabano ndani ya mabano,
robota ndani ya katoni ndani ya kontena,
naye aliandika mistari sita, basi:

    Shika kilicho mbele yako.
    Kikiwa kitu, kiweke kwenye safu.
    Kikiwa sanduku, lifungue,
    ujiite mwenyewe, kwa jina lako lilelile,
    uanze upya humo ndani kana kwamba hukuwahi kuanza.
    Ukimaliza, rudi ulikotoka, uendelee.

Mwaka wa kwanza aliusahau mstari wa pili.
Programu ikajiita, ikaitika, ikajiita,
ikashuka mahali pasipo sakafu
mpaka kumbukumbu ya mashine ikafurika
na skrini ikatapika maandishi mekundu.
Hakuna refu lisilo na ncha, twasema sisi;
mashine haijui methali,
ncha yenyewe lazima uiandikie.

Leo mashine ni yeye.
Kabatini, mkebe wa biskuti.
Ndani ya mkebe, soksi ya mtoto iliyopigwa fundo.
*Jagoda!* anajiita.
Ndani ya soksi, bahasha ya mshahara wa kiwandani,
*Bronisława* kwa wino wa zambarau.
*Jagoda!*
Ndani ya bahasha, karatasi ya dawa ya kikohozi.
*Jagoda!*
Ndani ya karatasi, vifungo vitatu vya koti la baba.
Hapo ncha.
Anaviweka mezani, anaanza kupanda:
karatasi imekwisha,
bahasha imekwisha, la, bado,
kuna kimoja cha lulu bandia kimejibanza pembeni,
haya, sasa imekwisha,
soksi imekwisha.
Mkebe wa pili.

Saa nne usiku meza haionekani.
Vya mfupa, vya bati, vya plastiki ya miaka ya foleni,
kimoja chenye nanga, na hakuna baharia katika ukoo wao.
Amevitunga uzini, safu moja.
Kila kifungo kimetoka kifungoni,
hakuna kilicho juu, hakuna kilicho ndani ya mwenzake.
Orodha imepigwa pasi.
Tena hakuna awezaye kusema
hiki cha kijani kililala kwenye soksi ya nani.

Umebaki mkebe wa chai, chini kabisa, nyuma ya pasi.
Ndani yake leso.
Ndani ya leso, kopo la rangi ya viatu.
Ndani ya kopo, pamba.
Ndani ya pamba, kisanduku cha kiberiti
kilichozungushiwa uzi mara nane.
Anaukata kwa meno, vile mama alivyozoea.

Hamna kitu.

Anakitikisa. Anakinusa.
Anapitisha ukucha kwenye kona zote nne.
Sheria yake inajua la kufanya:
kitupu hakitoi kitu, safu haiongezeki, rudi ulikotoka.
Matabaka matano ya mikono ya mama
hayaachi hata mkato kwenye orodha ya Seweryn.

Anaituma. Haina kosa.
"Safi," anajibu kaka. "Hicho chenye nanga nakitaka mimi."

Jagoda haandiki neno.
Anarudisha kisanduku kilivyokuwa, kinyumenyume,
ila uzi uliokatwa haufiki tena mara nane.
Anazungusha. Sita. Saba.
Anafunga hapo.