Kokoto Ndani ya Vanishi

Julai, Njombe. Sakitu imelala juu ya mabati
kama chokaa ya fundi mwenye haraka.
Naamka na tochi kuhesabu makopo uvunguni.
Kumi na moja. Yote yamesimama kwa kichwa.

Fundi Osmundi Mligo ndiye aliyeyapindua kwanza.
"Vaileti, rangi ya mafuta ikikaa wima huota ngozi juu.
Ipindue, ngozi iote upande wa kitako.
Siku ya kazi unaigeuza: ngozi iko chini,
rangi inakutazama usoni."

Lakini kabla ya kupindua, mfuniko.
Tambara, tapentaini kidogo, kidole kinazunguka ukingoni
mpaka kale kamfereji kang'ae kama pete ya kanisani.
Halafu kipande cha nailoni (mfuko wa sukari, aliufua mwenyewe),
halafu kibao cha msindano, kamwe si nyundo.
"Nyundo inapinda mdomo.
Kopo lenye mdomo uliopinda halitunzi siri."
Tok. Robo mzunguko. Tok.

Vanishi ndiyo aliyoiogopa.
Ikibaki robo ndani ya kopo la lita nne,
hewa inakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga,
inakunywa usiku, inakunywa mchana,
hadi unakuta gundi.
Basi akanituma Ruhuji nikaokote kokoto,
nizioshe, nizichemshe kwenye sufuria ya zamani,
nizianike siku mbili.
Akazitumbukiza moja moja, kama mtu anayelipa deni kwa sarafu,
na vanishi ikapanda,
ikapanda,
ikafika shingoni, hewa ikakosa pa kukaa.

Nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na saba
na nilidhani ule ni ubahili.

Kila kopo lilikuwa na mwandiko wake, penseli ya seremala:
*Sebule ya Mwl. Tulalumba, krimu, nyeusi matone mawili.*
*Mlango wa zahanati, kijani, nusu.*
*Kitanda cha binti wa Kiswaga. Arusi. Vanishi, robo.*
Na moja, sijui alikuwa anawaza nini siku hiyo:
*Haina jina. Nzuri.*

Mimi nilisahau moja tu, nyeupe ya maji,
barazani, mwezi kama huu.
Asubuhi ilikuwa imekatika kama maziwa yaliyochacha.
Nikaikoroga, nikaichuja kwa soksi, nikaikoroga tena.
Fundi hakugomba.
Alinipa brashi akaniambia nipake banda la kuku,
na hadi leo ukuta ule una chunusi.
Kuku hawajalalamika.

Alifariki Februari, mvua ikipiga kwa fimbo.
Jeneza lilikamilika saa nne usiku, msasa umepita,
maduka ya mjini yamefungwa,
na mbao za msindano zimekaa uchi, zinanuka utomvu.
Mtoto wake wa kiume akasema tuzike hivyo hivyo.
Nikaingia uvunguni.

Kitanda cha binti wa Kiswaga. Miaka sita.
Nikaligeuza, nikachokonoa mfuniko taratibu, pande zote,
nikabandua nailoni ya mfuko wa sukari.
Ilikuwa nyepesi. Ilikuwa na rangi ya asali ya Agosti.
Brashi ilipopita, mishipa ya mbao iliamka
kana kwamba mti umeitwa jina lake.
Tulipaka mikono miwili kwa mwanga wa chemli,
mkono wa pili alfajiri,
na kila tulipopunguza,
kokoto zilizidi kuchungulia.

Arobaini na moja. Nilizihesabu.
Baada ya matanga niliziosha kwa tapentaini,
isipokuwa mbili zilizokuwa zimegandana;
nilizivuta, zikakataa, nikaziacha.

Vanishi iliyosalia ilijaa kopo la maziwa ya unga.
Nikarudisha kokoto humo, zile mbili mwishoni.
Nailoni. Kibao. Tok. Robo mzunguko.
Nikatafuta penseli yake, nikailoweka ncha ulimini,
nikaandika:
*Jeneza la Fundi. Mikono miwili. Imebaki kidogo.*

Nikalipindua.