Tone la Gundi

Bolti ya korona, hapa Pongwe, imegoma.
Niliivalisha spana, spana nikairefusha kwa bomba,
nikaning'inia kama kanzu kwenye kamba.
Kimya. Kilicholia ni bega langu.

Ni gundi ya Shemboza, ile nyekundu.
Alistaafu Machi; mkono wake bado umekaza.

Basi nikawasha gesi.
Sikuipiga, sikuitukana. Niliipasha tu,
nikahesabu kama mtu anayengoja chai,
mpaka ukatoka moshi mwembamba, mchungu puani,
nayo ikazunguka ingali moto,
ikimwaga unga mwekundu kwenye hesi.

Mkonge umerundikana mlangoni. Nafunga mpya.
Nachukua kichupa cha bluu, natia tone moja:
ishike, ndiyo,
lakini atakayenifuata
asinilaani.