Glovu za Ülo

Mimi ni fundi wa mashine tu.
Huwasha mitambo saa moja asubuhi, giza la Januari bado limeganda
juu ya Tartu, na mto umevaa barafu.
Huwaambia watu: vua saa, vua pete, vua mkanda,
una chuma chochote mwilini?
Kisha huwasukuma ndani ya sumaku, kichwa kwanza,
kama mikate.

Daktari Eevi Laanemets hukaa nyuma ya kioo
na kikombe ambacho hajawahi kukimaliza.
Miaka kumi na mmoja anatafuta kitu kimoja:
ule ufa kati ya kuona na kutaka,
kati ya kutaka na kidole kubonyeza.
Huupima kwa sehemu za elfu za sekunde.
Anasema tunajidanganya tunapotaja kukata shauri,
kana kwamba kuna kisu, na mkono, na mara moja basi.
Kule ndani hakuna anayekata.
Kuna kuamua, kama waamuavyo ugomvi:
wawili wanapigana, wa tatu anaingia katikati,
naye pia hutoka na alama za kucha.

Ülo Kadarik aliletwa na binti yake kutoka Tapa,
mji ambamo reli hukutana na kuachana.
Miaka thelathini na miwili kazi yake ilikuwa kugeuza reli:
treni hii kushoto, iende Narva; ile kulia, ije kwetu.
Hakuna hata behewa moja lililopotea mikononi mwake.
Kisha uvimbe, ukubwa wa yai la kwale,
nyuma ya kipaji cha uso, juu kidogo ya macho.
Waliutoa salama. Akapona.
Anahesabu, anakumbuka, anacheka panapochekesha.
Ila jioni binti humkuta jikoni,
jemu ya beri mkono huu, jemu ya tufaha mkono huu,
mkate umeshakauka.

Fisi wa methali walau alijaribu njia zote mbili
akapasuka. Ülo hapasuki.
Anaweza kukueleza uzuri wa kila njia
mpaka usiku uingie.

Tulimlaza ndani ya sumaku siku tatu.
Kadi nyekundu, kadi ya buluu, sarafu za kubuni.
Kwenye skrini, palipopaswa kuwaka palikuwa kimya
kama kituo ambacho treni hazisimami tena.
Eevi aliandika. Ana mwandiko mzuri, wa shule.
Mfukoni mwa koti lake mlikuwa na barua kutoka Leipzig,
maabara mpya, jibu linatakiwa kabla ya Ijumaa.
Aliwahi kunisomea. Koti lake hulitundika kando ya langu
na kila siku niliona bahasha ikizidi kuchakaa kingo.
Ijumaa mbili zilikuwa zimepita.

Siku ya mwisho, mlangoni. Nje nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Binti alikuwa amefungasha jozi mbili za glovu, kosa la haraka:
za kahawia, za ngozi; za kijivu, za sufu.
Akaenda kuleta gari.
Ülo akasimama akizitazama. Nikatazama saa, ni mazoea ya kazi.
Dakika nne. Dakika tisa.
Eevi hakuvumilia. Akachukua za kijivu,
akaanza kumvisha kama mtoto, kidole kwa kidole.

"Siyo hizo," akasema Ülo.

Akauvuta mkono. Upesi, kabla ya fikra,
kama mtu aliyesikia filimbi gizani.
Akavaa za kahawia mwenyewe, akatoka.

Hatukuwa na waya hata mmoja kichwani mwake.
Kule chumbani sumaku ilikuwa ikivuma peke yake.
Eevi alibaki na glovu ya kijivu mkononi,
akiinyoosha vidole, akiikunja,
kisha akaniuliza bila kunitazama:
"Valdo, wewe ungeniambia niende?"

Sikuwa na rai yoyote kuhusu Leipzig.
"Nenda," nikasema.
Tukanyamaza, sote wawili,
tukisikiliza mkono wake utafanya nini.