Asiyekula Mabuyu

Sanduku tulilinunua Kongowea, juu ya rundo la viatu,
shilingi mia na hamsini, kona moja imetafunwa na panya.
Maelezo yake ni ya Kijerumani; nyumba nzima hakuna akijuaye.
Basi Tima akatunga sheria zake, na kila Ijumaa huzigeuza,
na tukiteta husema, "Ndivyo ilivyoandikwa."

Kisa ni hiki: Sultani wa majini ameibiwa pete.
Washukiwa ni mchawi mwenye ndevu za moshi,
malkia alalaye ndani ya chupa,
joka lililokatika mkia (alilikanyaga Ami Swaleh),
pacha wa kivuli, na bawabu wa lango la saba.
Huyo bawabu alipotea zamani, sasa ni kokwa ya buyu
iliyochorwa macho kwa wanja.

Karata tatu hufichwa ndani ya bahasha:
nani, wapi, kwa hila gani.
Zilizobaki twagawana, kisha ni kuulizana.
Ukiulizwa, huna ruhusa ya kusema uongo.
Una ruhusa ya kunyamaza tu.

Usiku ule stima ilikatika Kibokoni nzima.
Tukaegemeza simu kwenye birika, taa juu,
vivuli vya vidole vyetu vikawa vinene kuliko majini.
Sinia katikati, kachiri na mabuyu,
midomo myekundu, karata nazo zimeshika rangi,
hata Ami akamtambua malkia kwa doa la mgongoni
akajitia kutafakari.

"Namshuku joka, chumba cha vioo, kwa dawa ya usingizi."
Mselem akaonyesha karata. Haraka. Hakutazama.
Zamu yangu. Zamu ya Tima. Sheria ikageuka mara mbili.
Mama hakuandika chochote.
Sisi tuna vikaratasi, tunakata majina;
yeye anamenya thomu za kesho
na kuuliza maswali yasiyo na kichwa:
"Mselem, mbona hugusi mabuyu?"
"Sina hamu."
"Na kachiri?"
"Tumbo, Mama."

Raundi ya sita akaweka kisu chini.
"Bawabu. Paa la hamamu. Kwa funguo alizopewa mwenyewe."
Tima akafungua bahasha. Ndivyo hasa.
Ami akapiga makofi, akadai kuna sihiri.

"Sihiri gani? Mwizi ni yule mliyemzoea,
anayewafungulia mlango kila siku."
Akafuta mikono kwa leso,
sauti yake haikupanda wala kushuka:
"Jumatatu ulinyoa ndevu.
Jumanne njumu zako nikaziona miguuni mwa mtoto wa jirani.
Jana nikifua, mfukoni mna picha nne za pasi.
Leo huli tangu magharibi,
kama mtu wa kutolewa damu asubuhi.
Nani, nimemjua. Hila, nimeijua.
Haya mwanangu, nionyeshe karata moja tu:
Doha, au Maskati?"

Tukamgeukia Tima, mwenye sheria.
Tima akaishika ile kokwa, akaigeuzageuza.
"Anaruhusiwa kunyamaza," akasema, polepole,
na kwa mara ya kwanza hakusema imeandikwa.

Stima ikarudi. Feni ikajikokota, ikashika kasi,
ikapeperusha vikaratasi vyetu vyote,
wala hakuna aliyeviokota.
Mselem akanyosha mkono kwenye sinia,
akachukua buyu moja, akalishika tu.
Kidole chake kikaanza kuwa chekundu.