Mkalimani, Chumba Namba Tisa

Nilikula kiapo: nisiongeze, nisipunguze.
Yasemwayo niyavushe, kisha nikae kando,
nilipwe kwa saa, nauli juu yangu.

Daktari aliifungua picha kwenye skrini.
Kifua cha Cirhuza Namegabe, miaka arobaini na sita,
kimetapakaa madoa meupe
kama unga uliomwagikia kaniki.
Akautaja ugonjwa, neno refu.
Nikatafuta la kwetu, nisilione.
Nikasema, "Baba, mapafu yanageuka jiwe."
Je, hapo sikuongeza?

"Yatapona?"
"Hayaponi."

Kofia gotini, kikohozi kikamkatakata maneno
hata nami nikatafsiri vipandevipande:
miaka sita chini ya mto,
zamu za usiku, anashukia Barking jua likizama,
anapulizia saruji kuta mbichi za handaki.
Barakoa moja kwa juma. Ikiziba
waliikung'uta pajani, wakaivaa tena.
Nyapara alisema vumbi halijaua mtu.

Hughie, mzee wa Donegal, ndiye aliyetangulia.
Ghita wa Romania alifuata mwezi Machi,
amekaa kitini,
maana kulala chali kulimkaba.
Mkewe alifua ovaroli zake miaka yote hiyo.
Naye sasa anakohoa.
(Hilo Cirhuza alinong'ona. Nikalipaza.)

Kisha swali, kwa upole, kalamu juu:
"Kabla ya kuja huku, uliwahi kuchimba popote?"
Wakili wa kampuni atalisoma jibu hili.
Mimi nalijua. Cirhuza halijui.
Alinitazama mimi, hakumtazama daktari.

"Ndiyo, Kamituga. Nina miaka kumi na mitatu.
Nilibeba maji ya kuoshea dhahabu, maji tu,
likizo moja. Shimoni sikuingia, mama alikataa."

Kati ya lugha mbili upo upenyo mwembamba.
Mtu aweza kuiangusha sentensi humo
isisikike ikigonga chini.

Niliyavusha yote: Kamituga, likizo, mama aliyekataa.
"Maji tu" nikayasema mara mbili.
Yeye aliyasema mara moja.

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika.
Nikasoma karatasi kichwa chini miguu juu,
mstari mzima mweupe, na mwanzoni neno moja:
Ndiyo.

Kwenye lifti Cirhuza aliniuliza
kama nimemwambia ile habari ya mama.