Rangi ya Vumbi

Siku ya tisa leo, na jangwa langu halijakauka.
Limeegemea ukuta, Kigogo, juu ya cherehani ya mama,
linatoka jasho kama mgeni aliyekuja na koti.
Masika yameingia. Chumvi imeyeyuka koponi,
sare za watoto zinakwenda shule mbichi,
nami nimechora nchi isiyojuana na mvua
ndani ya chumba kinachoota ukungu.

Tulikwenda na Fuso ya Eliapenda
kupeleka matangi ya maji Longido.
Matangi matupu, meusi, yakigongana nyuma
kila tulipovuka tuta.
Chalinze chai, Korogwe machungwa,
na baada ya Mombo kijani kikaanza kutuaga:
minazi ilishabaki zamani, migomba ikafuata,
mwisho mkonge, ambao huwa hauchoki,
nao ukachoka.
Milima ya Upare ikakaa mkono wa kulia
saa baada ya saa,
haitukaribii, haituachi,
kama deni.

Kilimanjaro hatukuuona.
Penseli nilishainoa kwa wembe, karatasi iko magotini,
wingu likaketi pale pale, toka Himo hadi Bomang'ombe,
pana, rangi ya maziwa yanayotaka kuganda.
Eliapenda akacheka, mkono kwenye gia:
"Umejifunika huo. Leo hauna haja na sisi."
Basi nikachora wingu.

Longido kuna vumbi ambalo sina jina lake.
Ukisema kahawia, si kahawia.
Ukisema jekundu, linakusuta.
Mchana ni ngozi ya ndama,
jua likiinama ni ndani ya mdomo.
Nilijaza kopo la maziwa ya unga,
nikalifunga kwa nailoni na raba mbili,
nikalipakata njia nzima ya kurudi
kama mtu aliyebeba mayai.

Nyumbani nikalitwanga, nikalichekecha.
Mama: "Chekecheo la maandazi hilo!"
Nikanyamaza, nikatia mafuta ya kitani,
nikakoroga kwa kijiti cha mshikaki
hadi nchi ile ikashika brashi.

Jumanne alikuja mteja kutoka Masaki,
akasimama na funguo za gari zikilia kidoleni.
"Tembo yuko wapi?"
Hayupo.
"Na ile theluji?"
Nikamwonyesha wingu.
Akasema mawingu hata Masaki yapo.
Ni kweli. Sikubishana naye.
Nilimsindikiza mpaka kwenye dimbwi,
nikamwonyesha tofali la kukanyagia.

Jana usiku ndiyo kaja Eliapenda,
na risiti za matairi, na njaa.
Alikula kwanza. Ugali, dagaa, maji glasi mbili.
Ndipo akainua macho juu ya cherehani.
Alikaa hivyo muda mrefu, tonge la mwisho likapoa.
Kisha akainuka, hakunawa,
akaweka kidole katikati ya vilima viwili
ambapo mimi sikuweka kitu, ni vumbi tu,
nilipaacha patupu kwa sababu palikuwa patupu.
"Hapa," akasema, "bomba liliishia hapa.
Mama alikuwa anaamka saa tisa za usiku.
Foleni ya ndoo."
Sikumwambia kwamba hiyo ni Longido, si Same.
Alipokiondoa kidole kilikuwa chekundu,
na hakukifuta.

Asubuhi nimeshika brashi nipasawazishe.
Rangi ipo, kopo halijafika nusu.
Lakini alama ile ina kina sasa;
taa ikiwaka upande huu, inatupa kivuli,
kibonde ambacho sikukichora,
chenye mistari midogo midogo kama njia za mbuzi,
na chembe moja ya dagaa.

Nimeirudisha brashi kwenye mafuta ya taa.
Mvua inapiga bati.
Mama anasogeza beseni mahali panapovuja,
nami nasogeza ubao, vidole viwili, vitatu,
lisije likalowa.